Kutambua na Kuhifadhi Aina za Viazi Vikuu vya Wakulima wa Asili: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Nairobi

Ukifika soko la Marikiti alfajiri ukaulizia viazi vikuu, yawezekana ukaonyeshwa nduma, ambazo Kiswahili sanifu huziita majimbi, na pengine ukaonyeshwa viazi vitamu. Ukisisitiza, muuzaji atakuuliza kama unachotaka ni gĩkwa, kisha atatoa kiazi kirefu chenye ngozi ya kahawia na vinyweleo vya mizizi, kilicholetwa usiku kutoka Kirinyaga, Murang'a, Embu au Meru. Watu wa Nairobi hukichemsha na kukila kwa chai asubuhi, na ni wachache wanaojua kwamba neno hilo moja linaweza kuwa limebeba mimea ambayo kwa vinasaba ni tofauti kabisa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi, mwanachama wa kikundi cha wakulima, au mtu yeyote aishiye jijini mwenye jamaa mashambani, ambaye anataka kujua ni aina ngapi za viazi vikuu ambazo wazee wamezitunza na namna ya kuzihifadhi. Kazi nzima inategemea jambo moja: jina si aina. Mmea mmoja unaweza kuitwa majina matatu katika vijiji vitatu, na jina moja likafunika mimea minne isiyo na asili moja. Anayehesabu majina peke yake hupata jibu la lugha, naye alikuwa akitafuta jibu la mimea.

Unachokihesabu ni nini hasa

Viazi vikuu ni vya jenasi Dioscorea, yenye spishi zaidi ya 600, nyingi zikiwa za porini. Spishi inayotajwa zaidi katika miteremko ya Mlima Kenya ni Dioscorea minutiflora. Utakutana pia na Dioscorea alata, yenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, na Dioscorea bulbifera, ambayo huzaa viazi vinavyoning'inia kwenye shina. Dioscorea rotundata, kiazi cheupe kinacholisha Nijeria, Ghana na Benin, ndiyo iliyochunguzwa zaidi na wanasayansi. Uchunguzi huo umetoa hoja mbili zinazokinzana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikitafutia asili katika kiazi cha msituni, Dioscorea praehensilis, kwenye bonde la mto Niger, ilhali ule wa mwaka 2020 ulidai kuwa ni chotara wa praehensilis na Dioscorea abyssinica ya savana.

Mkulima hapandi mbegu, hupanda kipande cha kiazi. Kwa hiyo mmea unaochipuka ni nakala ya mama yake, na aina moja inaweza kuishi kwa vizazi vingi vya wanadamu bila kuchanganyika na nyingine. Mimea ya kiume na ya kike ni mbalimbali, na mingi haichanui kabisa. Utofauti basi huingia kwa njia chache tu: mimea miwili kuchavushana na mbegu yake kuota kichakani, badiliko dogo la ghafla kutokea ndani ya nakala, au mkulima kuleta kiazi kigeni. Wakulima wa Benin wanajulikana kwa kuchimba viazi vya porini, kuvipanda shambani misimu kadhaa na kuvifuga mpaka viwe chakula. Baadhi ya viazi hivyo hutokana na mbegu za uzazi wa kijinsia, na kwa njia hiyo wakulima wenyewe huongeza vinasaba vipya katika mashamba yao. Kwa sababu hiyo sipendi kusikia ikisemwa kwamba wakulima wa asili "wamehifadhi" tu. Wameunda pia.

Hatua ya kwanza: ruhusa kabla ya jembe

Aina hizi zina wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili pamoja na sifa zake za vinasaba. Kanuni za mwaka 2006 zilizo chini ya sheria ya mazingira zinamtaka anayechukua rasilimali za vinasaba apate kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zikiacha nje mambo machache kama vile wanajamii kubadilishana mbegu wao kwa wao. Ikiwa kazi yako ni utafiti wa chuo, utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na mmea ukivuka mpaka wa nchi lazima upitie KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Ukiwa unakusanya kwa ajili ya shamba la nyanya yako tu, mzigo huu ni mwepesi, lakini siku utakapotaka kupeleka majani maabarani nje ya nchi hautakuwa mwepesi tena, na ni heri ulijue hilo mapema.

Kibali cha serikali hakichukui nafasi ya ridhaa ya mkulima. Ukifika kwa mzee, au guka kama utakavyomwita katika nyumba nyingi za Mlima Kenya, keti kwanza. Eleza unakotoka, kwa nini unauliza, kiazi kitapandwa wapi na nani atapata jina lake na habari zake. Mpe nafasi ya kukataa aina moja na kukubali nyingine, kwani wapo wanaotoa kila kitu isipokuwa kile walichorithi kwa baba. Miongoni mwa Agĩkũyũ, kupanda viazi vikuu kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, na wengi huishia kuzungumza na wanaume peke yao. Usikose kuzungumza na cucu, yaani nyanya wa nyumba hiyo, pia, kwa kuwa mpishi ndiye anayejua ni kipi hulainika haraka, kipi huwasha mkono kikimenywa na kipi hakiliwi kabla ya kuchemshwa muda mrefu. Tofauti ambazo jicho la mkulima limezipita, mara nyingi sufuria huzifichua.

Hatua ya pili: majina na miraba minne

Waite wakulima wa kijiji kimoja, kumi hadi ishirini hivi, na kila mmoja aje na kiazi na kipande cha shina la kila aina aliyo nayo. Vitandazwe chini, vinavyofanana vikae pamoja, na majina yatajwe kwa sauti. Hapo ubishi huanza, nao ndio uliokuleta. Mmoja akisema hiki na kile ni kitu kimoja, mwingine akikana, andika hoja za wote wawili na usiamue.

Kisha chora miraba minne ardhini. Wa kwanza ni wa aina zinazopandwa na nyumba nyingi kwa maeneo makubwa, wa pili nyumba nyingi kwa maeneo madogo, wa tatu nyumba chache kwa maeneo makubwa, na wa nne nyumba chache kwa maeneo madogo. Wakulima wenyewe waweke kila aina katika mraba wake na waseme kwa nini. Zinazoangukia mraba wa nne ndizo za kukusanya kwanza, maana mzee mmoja akifariki au shamba moja likigawanywa viwanja, huenda zikapotea kabisa. Hata hivyo, usidhani kila aina iliyo katika mraba huo inaelekea kutoweka. Nyingine zimekuwa chache tangu zamani kwa sababu ni za dawa au za mgeni wa heshima. Uliza pia ni aina gani waliyoipanda utotoni na hawaioni tena. Orodha hiyo ya zilizopotea haitakuletea kiazi hata kimoja siku hiyo, ila itakuambia uulize nini katika kijiji kinachofuata.

Hatua ya tatu: kuusoma mmea

Utahitaji safari mbili, na kuokoa nauli kwa kufanya moja ni kosa linalorudiwa sana. Shina na majani husomwa mvua ndefu zinapokuwa zimeshika, Mei au Juni, majani yakiwa yamekomaa na bado mabichi. Kiazi husomwa wakati wa mavuno. Mwaka 1997 taasisi za kimataifa za IPGRI (ya rasilimali za vinasaba vya mimea) na IITA (ya kilimo cha tropiki) zilichapisha orodha ya pamoja ya sifa za kupimwa katika viazi vikuu. Ni ndefu mno kwa anayeanza, na hapa nitataja zile ambazo zimenifaa zaidi.

Anza na shina. Lishike mahali linapouzunguka mti na uangalie linaelekea upande gani likipanda. Alata, rotundata na minutiflora huzunguka upande mmoja, na bulbifera, pamoja na spishi nyingine mbili, Dioscorea esculenta na Dioscorea dumetorum, huzunguka upande wa pili. Sifa hii haibadiliki kwa mbolea wala kivuli, nayo inatenganisha makundi makubwa kwa nusu dakika. Lipapase sasa: shina la alata lina mbawa nyembamba kwenye pembe zake, hivi kwamba ukilikata unaliona kama mraba, ilhali mengine ni ya mviringo na yana miiba au hayana. Andika miiba iko wapi, kwa sababu aina nyingine huwa nayo chini tu, karibu na ardhi, na anayekagua mabua ya juu ataandika kuwa haina.

Fuata jani. Lile la dumetorum hugawanyika vijani vitatu na halikosewi. Lakini jihadhari nalo: viazi vya mmea huo, hasa vya porini, vina sumu, na hali kadhalika viazi vingi vya bulbifera ya porini. Kwa majani mengine pima urefu na upana wa majani matano ya katikati ya mmea, usipime ya kileleni wala ya chini kabisa. Angalia rangi ya kikonyo na ya mishipa, na kama majani yamekaa mawili mawili yakitazamana au yanapishana. Ukiona ua, lichunguze: la kike lina kifuko chenye kingo tatu kitakachokuwa tunda lenye mbawa tatu, na la kiume ni dogo mno na limepangwa kwenye kishada chembamba. Andika jinsia. Ikiwa mimea miwili inaitwa jina moja, na mmoja ni wa kiume na mwingine wa kike, kuna sababu nzuri ya kushuku kwamba ni aina mbili, ingawa baadhi ya viazi vikuu huweza kutoa maua ya jinsia zote au kubadilika msimu hadi msimu.

Wakati wa mavuno, kata kiazi katikati na uangalie rangi ya nyama papo hapo, kisha tena baada ya dakika kumi, kwani nyama nyingine hugeuka kahawia kwa kasi na nyingine hubaki ilivyo. Hesabu viazi kwa kila shina na upime uzito. Vipimo vya uzito usivipe imani kubwa, hata hivyo. Mashambani kwetu viazi vikuu hupandwa chini ya mti wa kuegemea, kwa mfano mũkũngũgũ, na wakulima wengi huvichimba kidogo kidogo kwa miaka wakikiacha kichwa ardhini. Kiazi cha mwaka mmoja hakilinganishwi na cha mwaka wa sita.

Hatua ya nne: majani ya kupima vinasaba

Sifa za macho zikishaandikwa, swali la jina na aina huamuliwa kwa vinasaba. Chuma majani mawili au matatu machanga yasiyo na madoa, yakatekate na uyatie katika mfuko wa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki wenye chembechembe za silika zinazofyonza unyevu, uzito wa silika ukiwa mara kumi wa majani. Yakaukie humo ndani ya siku moja au mbili. Jani likibadilika kuwa kahawia kabla ya kukauka, limeoza na halifai. Chembechembe zenye rangi ya kiashiria zikigeuka, zibadilishe jioni hiyo hiyo, usingoje kufika Nairobi.

Fedha zikiwa chache, na kwa kawaida ni chache, mpango wa kuchagua majani ni muhimu kuliko mashine. Kila jina lichukuliwe kutoka mashamba matatu au zaidi, na katika shamba moja chukua mimea miwili ya jina hilo hilo. Kisha fanya jambo ambalo wengi huona ni hasara: mimea mitano au sita uitoe majani mara mbili, kila mara kwa namba tofauti, bila kuiambia maabara. Nakala hizo zikirudi na tofauti ndogo, hiyo ndiyo makosa ya kipimo, nawe umepata mstari wa kuhukumia mengine yote. Pasipo mstari huo utashindwa kujua kama tofauti ya alama mbili za vinasaba kati ya viazi vya Embu na vya Meru ni aina mpya au ni kelele za maabara.

Alama za mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, zinatosha kutenganisha nakala. Vipimo vinavyosoma maelfu ya sehemu za jenomu kwa pamoja hueleza vyema zaidi undugu kati ya aina. Iarifu maabara kwamba viazi vikuu vina seti tofauti za kromosomu. Alata, kwa mfano, huwa na 40, 60 au 80, na anayezichambua zote kama zenye seti mbili atapata majibu ya kupotosha. Kwa kila aina kausha pia tawi lenye majani, na maua yakiwepo, kati ya magazeti, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyo katika Makavazi ya Kitaifa hapa Nairobi. Jina la spishi lisilo na tawi la ushahidi haliwezi kukaguliwa na mtu mwingine.

Hatua ya tano: kuchimba na kubeba

Omba kichwa cha kiazi, yaani upande ulioungana na shina, kwa kuwa ndio unaochipua mapema na kwa uhakika. Vichwa vitatu hadi vitano kwa kila aina vinatosha, na mkulima abaki na vyake. Paka jivu la kuni mahali palipokatwa, acha pakauke kivulini, kisha funga kila aina katika mfuko wake wa gunia. Safari yangu ya kwanza nilivitia vyote katika gunia moja kwa kuamini vibandiko vya karatasi. Mvua ilitunyeshea kabla ya Thika, na kilichofika jijini kilikuwa chakula. Tangu hapo hukata vipande vya kopo la soda na kuandika namba kwa ncha ya msumari. Maandishi hayo hayafutwi na maji wala jua.

Ukiona jani lenye mabaka ya kijani na manjano, huenda ni virusi vya mozaiki, navyo husafiri ndani ya kiazi. Madoa meusi yanayokausha shina la alata mara nyingi ni ugonjwa wa kuvu uitwao chule. Kiazi chenye uozo mkavu wa kahawia chini ya ngozi huwa kimeshambuliwa na nematodi, minyoo midogo sana ya udongoni. Usikibebe kama kuna kingine, na kama hakuna, kitenge na vingine kwa msimu mzima.

Hatua ya sita: shamba la hifadhi

Mahindi unaweza kuyakausha ukayaweka katika chupa, lakini aina ya kiazi kikuu huendelea kuwapo kwa kupandwa tena na tena. Taasisi ya IITA iliyoko Ibadan, yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa zaidi ya aina 5,000, nayo hulazimika kupanda shambani na kukuza tishu maabarani. Kwa mtu wa Nairobi, robo ekari ya kukodi upande wa Kikuyu au Limuru inafaa kwa kuanzia, ingawa Limuru ni baridi na mimea hukua polepole.

Viazi vilivyotoka safarini vitandaze mahali penye joto na unyevu, vikifunikwa magunia, kwa siku nne hadi saba ili majeraha yajifunge. Baada ya hapo vihamishie mahali pakavu penye hewa. Kiazi kikuu huharibiwa na baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi, na usiku wa Julai hapa Nairobi hukaribia kiwango hicho, kwa hiyo usiviweke katika friji wala kwenye sakafu ya stoo ya mabati. Kona ya jikoni ni bora.

Panda mvua zinapoanza, mwezi Machi au Oktoba, kwa nafasi ya mita moja kila upande, mimea mitano kwa kila aina. Usizipange aina zinazofanana jirani. Weka ya shina lenye mbawa kando ya ile ya shina la mviringo, ya miiba kando ya isiyo na miiba, ili mtambao ukivuka au kiazi kikihama uone mara moja. Chora ramani ya shamba na uweke nakala nje ya shamba, maana vijana wa palizi hung'oa vibandiko bila nia mbaya. Aina yenye viazi vichache uiongeze kwa kukata vipande vya gramu 25 hadi 50, kila kimoja kikiwa na ngozi. Mbinu hii ilienezwa Nijeria na hutoa miche mingi kutoka kiazi kimoja, ila miche hiyo huchukua msimu mmoja zaidi kabla ya kuzaa viazi vya kuchemsha.

Mkusanyiko mmoja hautoshi. Nusu ya vichwa vibaki kwa kikundi cha wakulima kijijini, nusu vije kwako, na aina za mraba wa nne ziombewe nafasi katika benki ya jeni ya taifa iliyoko Muguga, safari fupi tu kutoka jijini.

Majibu yanaporudi

Panga orodha mbili, ya majina na ya nakala zilizothibitishwa na vinasaba, kisha uunganishe kwa mistari. Mahali majina kadhaa yanapokutana kwenye nakala moja, usikimbilie kuyafuta: huenda mmea ni mmoja lakini mabadiliko madogo ya ghafla, yasiyoonekana kwa alama ulizotumia, yamebadili ladha au muda wa kukomaa. Zipande pamoja msimu mmoja na umwite cucu aonje bila kuambiwa majina. Mahali jina moja linapogawanyika nakala nyingi, rudi kwenye daftari la siku ya ubishi. Mara nyingi utakuta kuna mkulima aliyesema tangu mwanzo kwamba hivi viwili si kimoja, na wenzake wakamcheka.

Matokeo hayo yarudishwe kijijini kwa lugha ya wenyeji kabla hayajachapishwa popote, yakiambatana na vichwa vya zile aina ambazo wazee walisema zimepotea na wewe ukazipata ng'ambo ya mto. Vipeleke mwanzoni mwa mvua, kila kimoja na kibandiko chake cha bati, na ukae mpaka kipandwe.